Nimepona kwa Kisu, Sifa Zimekwenda kwa Fundi wa Pepo

Kikwajuni, Unguja
Mfunguo Tano, 1956

Bi Mkubwa wangu wa gazetini,

Shikamoo. Kila Jumamosi mume wangu akishamaliza kusoma bei ya karafuu mimi humpokonya gazeti nikaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wako, na nimekuona ukiwakemea watu wazima na ndevu zao nikacheka mpaka nikashika mbavu, sasa leo zamu yangu imefika, naomba unisaidie, na ukitaka kunikemea nikemee, lakini nisaidie kwanza, maana nimekwama mahali ambapo nikisema ninaharibu na nikinyamaza ninaua.

Jina langu nimelitia chini kwa ajili yako peke yako, ukichapa uliondoe. Mimi ni mke wa karani wa bandarini, tumwite Miraji, mwanamume mpole anayependa heshima yake kuliko chakula. Tuna binti mmoja, Shemsa, ameposwa na kijana wa Bwana Msabah na harusi ni baada ya maulidi. Tena mimi ni mwimbaji wa chama chetu cha taarabu cha wanawake, tumekiita Sitara, na nisijisifu, lakini nikisimama kuimba hapana mwanamke anayebakisha senti kwenye pindo la kanga yake, kila mmoja atanyanyuka aje kunitunza.

Sasa nisikilize. Mwaka wa tatu huu, siku moja nikioga, mkono wangu uligonga uvimbe kwenye titi la kushoto, kitu kigumu kama kokwa ya tende, hakiumi wala hakiwashi, nikakiacha, nikakipaka mafuta, nikakisomea, hakikuondoka, mpaka Miraji akanishika mkono kwa nguvu akanipeleka kwa daktari, na daktari hakuzunguka, akasema hii ni saratani, ikikatwa sasa una matumaini makubwa, ikiachwa mimi sina la kukuahidi, panda meli wende Dar es Salaam yuko bingwa wa kukata. Nililia, na Miraji akalia kuliko mimi. Lakini kilichotukosesha usingizi, nakwambia ukweli, hakikuwa kisu, ilikuwa ni watu watasema nini.

Wewe mwenyeji, unaijua Unguja yetu, mtu akipiga chafya Malindi anaombewa rehema Mwembetanga, na mgonjwa akilala siku moja tu mtaa mzima utamiminika, kila mtu na machungwa yake mkononi na swali lake mdomoni, na maradhi haya kwetu hayatajwi kwa jina, ukisikia "fulani ana yale" basi ujue watu wameshaanza kumkadiria sanda. Ndipo wifi yangu, tumwite Mwanaasha, mwanamke wa hila lakini ananipenda, akasema, "Mtu asiyetazamwa ni mmoja tu hapa mjini. Aliyeingizwa ndani kwa pepo." Na ni kweli, mtu akishaingizwa kilingeni kwa fundi haendewi wala haulizwi mpaka siku atakayotolewa kwa ngoma.

Mwanaasha anajuana na fundi mmoja wa Bububu, kule lilikokuwa likikomea gari la moshi la zamani, tumwite Bi Mize, bibi safi, si tapeli. Akaombwa atusitiri. Akasema, "Mimi uwongo sisemi. Lakini mtu akiniuliza nani yumo ndani simjibu, kazi yangu ndivyo ilivyo." Basi mimi nikapanda meli na buibui limenifunika mpaka puani, na huku nyuma mji mzima ukajua kwamba nimeingizwa ndani Bububu.

Nilikatwa, titi likaondoka lote, jeraha likapona, nikarudi. Na ili hadithi yetu ikamilike nikapelekwa Bububu nikatolewa kwa ngoma kweli kweli, kanga mpya, ubani, makofi, vigelegele, na Bi Mize akaniweka mkono kichwani akasema, "Huyu anatoka mzima, mshukuruni Mungu," na wanawake wakalia kwa furaha, nami nikalia nao, wao wanalia kwa hilo na mimi nalia kwa jengine. Neno la uvimbe sijui lilitokea wapi, nadhani kwa bibi aliyekuwa akinikanda kabla sijasafiri, lakini likaenea kwamba nilikuwa na uvimbe wa titi na pepo wa Bi Mize wameuyeyusha. Sikulikanusha. Tangu hapo sidiria yangu ina kifuko cha usufi nilichokishona mwenyewe, na mkono wa kushoto haunyanyuki tena kama zamani, kwa hiyo nikiimba nauweka kifuani, na utacheka Bi Mkubwa, wasichana wa chama wanadhani ndiyo madaha mapya, wote sasa wanaimba mkono kifuani.

Mwaka huu moyo ulinituma. Nikawaambia wenzangu tufanye taarabu kubwa ya mchango kwa ajili ya wanawake wenye saratani, tuwapatie nauli na matumizi ya watoto wanaobaki nyumbani, waliokwisha kutibiwa tuwashike mkono mpaka wapate nguvu, na fungu moja limwendee daktari wetu anayekusanya habari za maradhi haya apate kujua yanamshika nani na kwa nini. Wakakubali kwa sababu wananipenda. Sare tumechagua, ukumbi tumepata hapa hapa Kikwajuni, wapishi wa sambusa na vitumbua wamejitolea wenyewe. Lakini kila tukienda kuuza tikti watu wanatuuliza swali moja: "Tuchange tumpeleke nani? Nani aliyekwenda akarudi?" Wenzangu hawana jibu. Mimi ninalo, nimelishona ndani ya kifuko.

Mkutano uliopita mweka hazina wetu akasimama akasema, "Jamani, mbona tunahangaika na mbali? Aliyepona si huyu hapa tunaye? Na kaponea wapi, si Bububu? Basi mapato ya taarabu tumpe Bi Mize apanue kilinge chake, awachukue wagonjwa wengi zaidi, na mwimbaji wetu asimame siku hiyo atoe ushahidi." Wakapiga makofi wote. Nami nikatabasamu, Bi Mkubwa. Wallahi nilitabasamu.

Na hilo lingekuwa ndilo peke yake ningelivumilia, lakini juzi alasiri nikasikia hodi mlangoni, nikafungua, mwanamke kijana, mtoto mgongoni, kifurushi cha choroko mkononi. "Shikamoo Bi," akasema. "Mimi Wanu, natoka Makunduchi. Nipo Bububu kwa Bi Mize sasa, nnangojea kuingizwa ndani. Nimekuja kukuona kwa macho yangu."

Nikamkaribisha, akakaa ukingoni mwa kitanda, hakunywa hata chai. "Hospitali wamenambia nikatwe," akasema, "na mume wangu Simai kakataa, kasema shangazi yangu mimi alikwenda kukatwa akarudi kwenye jeneza. Na mimi nnaogopa. Lakini nimeambiwa wewe ulikuwa na uvimbe kama huu wangu, na leo unaimba. Nnataka neno moja tu kwako, nitulie. Uliponea ndani?"

Nikamtazama yeye, nikamtazama mtoto, nikasema, "Ndiyo, mwanangu." Akanibusu mkono, akaondoka amefurahi, na zile choroko mpaka leo zipo jikoni, sijaweza kuzipika.

Jioni ile nikamwambia Miraji mimi nataka kusema. Akaweka kikombe chini. "Shemsa je?" akaniuliza. Maana watu wa Bwana Msabah walishakuja kuuliza habari za ukoo wetu kama ilivyo desturi, kama hapana kifafa wala ukoma wala maradhi mabaya, na Miraji alijibu hapana. "Ukisema leo," akanambia, "mimi nimekuwa mwongo mbele ya watu, na mwanao hana mume." Na mke wa Bwana Msabah mwenyewe ni mwanachama wa Sitara, siku ya taarabu atakuwa mstari wa mbele ananitazama usoni.

Taarabu ni wiki ijayo, kabla Mfunguo Sita, mwezi wa maulidi, haujaandama. Nifanye nini? Nisimame niseme kweli, binti yangu aachwe na mume wangu aaibike? Au nitoe huo ushahidi wanaoutaka, na Wanu aingizwe ndani? Au nijifanye sauti imenikauka nisiende kabisa, na hili la mwisho, sikufichi, ndilo ninalolitamani. Nijibu upesi, mama yangu, usiku silali na mchana sili.

Ni mimi,
Mwenye Kifuko cha Usufi

*

BI MKUBWA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, na pole. Pole ya kisu, pole ya mkono, pole ya miaka yote uliyoshona usufi peke yako huku watu wanakupigia vigelegele. Hiyo ndiyo pole yako, ipokee, iweke, kwa sababu sasa nakuja na jengine.

Lakini kwanza wasomaji wangu wajue: majina nimeyabadilisha, mitaa nimeihamisha, na mambo mawili matatu nimeyageuza, kwa hiyo wewe unayesoma hapo barazani na kumpiga mwenzio kiwiko, "Namjua huyu," humjui. Kunywa kahawa yako. Na mwenye barua jibu hili nimempelekea kwa mkono siku ile ile niliyoipata, maana gazeti hutoka Jumamosi na uvimbe wa Wanu haujui Jumamosi; ninyi wengine nawachapia taarabu yake ikiwa imeshapita.

Haya, tuje kwetu. Wahenga wametuambia mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe hukuyaficha maradhi. Uliyapeleka kwa daktari, ukapanda meli, ukalala chini ya kisu, na kwa hilo nakupa hongera, na mumeo nampa yake. Wewe umeficha kupona! Hili wahenga hawakulitia kwenye methali, nadhani hawakudhani yuko mtu angelifanya. Anayekufa kwa maradhi haya huzikwa mchana kweupe, jeneza likapita mitaani, watu wakasimama. Anayepona hurudi na buibui mpaka puani. Halafu mnashangaa watu wakiuliza nani aliyekwenda akarudi? Wamuulize nani, mwanangu, na wewe umejifunika?

Usidhani nakuona mbaya. Naijua sababu. Mimi mwenyewe ningekuwa wewe mwaka ule ningemsikiliza huyo wifi yako, na hila yake naisifu, haikumdhuru mtu siku ile. Mwanamke ana haki ya kusitiri mwili wake, na titi lako si habari ya mtaa. Sitara ni jambo jema. Lakini sitara ni nguo, na nguo huvaliwa na mwenyewe. Yako sasa umemvisha Wanu, na yeye inamziba pumzi.

Wanu alitoka Makunduchi na mtoto mgongoni kuja kukuuliza neno moja. Hakutaka dawa kwako, hakutaka senti, alikuja na choroko zake mwenyewe. Ukampa uwongo, naye akakubusu mkono. Hilo limenichoma, nami nataka likuchome na wewe, kwa sababu mpaka hapo ulipokuwa unasitiri nafsi yako tu sikuwa na neno. Na uwongo ule wa kutabasamu mkutanoni usiniambie tena, nimeusoma mara moja umenitosha.

Sasa usilie. Umekuja kwangu ukijua la kufanya, mtu asiyejua haachi kupika choroko. Unachotaka ni mtu wa kukusukuma. Haya, nakusukuma.

Kesho asubuhi, ukishapokea hii, panda gari la Bububu. Usimwendee fundi kwanza, mwendee Wanu. Mwite pembeni, chumbani, mlango ufungwe, mtoto apewe mtu. Usimhutubie, wala usianze na "unajua, mwanangu, dunia hii". Vua. Mwonyeshe kovu. Mwache alitazame mpaka ashibe, na akitaka kuligusa aliguse. Halafu mwambie, "Hapa palikuwa na uvimbe kama wako. Nilikatwa Dar es Salaam, mwaka wa tatu huu, na nilikudanganya. Niwie radhi." Akikukasirikia, nyamaza, ana haki. Akikulilia, lia naye, safari hii mtakuwa mnalia kwa jambo moja. Huyo msichana ameona jeneza la shangazi yake, na kwa macho yake hajapata kumwona aliyerudi. Ndiyo maana anaogopa. Usimwahidi kwamba atapona, hilo analo Mungu, na mwili wake si wako. Mwambie uliyoyaona wewe tu, na kwamba daktari akisema "sasa" maana yake ni sasa.

Kisha nenda kwa Bi Mize, na uende kwa adabu, mkono umetangulia. Mimi sina ugomvi na pepo. Bibi yangu alikuwa na wake, walikuwa wakitaka ubani na haluwa kila mwezi, tukawapa, tukaishi vizuri. Lakini fundi mzuri anajua la pepo na lisilo la pepo, na huyu kwa ulivyonieleza ni fundi mzuri: alikusitiri, hakukudai, na alipokutoa alisema mshukuruni Mungu. Hakusema amekuponya yeye. Mji ndio uliosema, na wewe ukauachia. Bibi wa watu sasa anabebeshwa wagonjwa asiowaweza, na siku mmoja atakapomfia kilingeni, mji huo huo utamgeukia. Wewe umsitiri naye, kama alivyokusitiri. Mwombe aseme kwa kinywa chake kwamba mwenye uvimbe wa titi haingizwi ndani kwake mpaka awe ameshaonana na daktari. Nakuhakikishia neno hilo likitoka kwa fundi litajaza meli kuliko mimi nikiliandika hapa mwaka mzima.

Sasa mumeo. Bwana Miraji, najua unasoma, mkeo amesema unaanza na bei ya karafuu lakini sisi tunajua mnavyosoma ukurasa huu kwa siri. Wewe ulimshika mkono ukampeleka kwa daktari wakati wanaume wengine wangempeleka kwa mama zao. Hiyo ndiyo heshima yako, na wewe unaificha kama aibu! Basi kuna kazi ambayo mkeo hawezi kuifanya. Wanu hatapanda meli mpaka Simai akubali, na Simai hatakubali kwa maneno ya mwanamke asiyemjua. Panda gari la Makunduchi, mkae wawili, umwambie, "Nami nilikuwa kwenye hali hii. Nililia. Nikampeleka. Leo ananipikia na kunigombeza kama zamani." Mwanamume aliyeogopa humsikiliza mwanamume mwenzake aliyewahi kuogopa. Na anayetaka kujua kwa nini karani wa bandarini amekwenda kusini siku ya kazi, mwambie umekwenda kurudisha choroko.

Sasa Shemsa, ambaye ndiye kidonda chenu kikubwa. Mwanangu, watu wa Bwana Msabah waliuliza swali, wakajibiwa kisicho kweli. Harusi haijafungwa, bado pana nafasi ya kulitengeneza, na atakayelitengeneza ni wewe na Mwanaasha, kwa sababu hila ilikuwa yake na aje aibebe. Kabla ya taarabu, narudia, kabla, mwendeeni mke wa Bwana Msabah nyumbani kwake. Asije akalisikia jukwaani pamoja na wauza vitumbua. Mwambie yote, umwambie na kwa nini ulificha, na umwambie kwamba unakwenda kusema mbele ya watu na hukutaka yeye awe wa mwisho kujua. Mwanamke wa heshima atakuelewa, tena huenda akakushangaza, maana sijapata kuona nyumba ya Unguja ambayo haina jambo lake ndani ya sanduku.

Na akikataa? Akisema posa basi? Itakuuma, na Shemsa atalia, na watu watasema siku chache mpaka wapate la kusema jengine. Halafu atakuja mwengine. Binti yako atakuwa amekosa mume mmoja na amebaki na mama, na wapo mabinti chungu nzima mjini humu walioolewa kwa shangwe na mama zao wamo makaburini kwa kuona haya. Lakini kitu kimoja nakutaka umfanyie Shemsa, na hukukitaja kabisa katika barua yako. Je, yeye anajua? Naona hajui. Basi mwambie yeye kwanza kuliko Bi Msabah na mji mzima. Mfundishe naye kujipapasa akioga. Hiyo itamfaa kuliko doti zote za kanga utakazomtilia sandukuni.

Hili la kujifanya sauti imekauka, nimelisoma, nimecheka, nimelitupa. Sauti yako ilivuka bahari ikarudi haijakauka, itakauka kwa mweka hazina?

Siku ya taarabu vaa sare yako, jipake udi, simama. Huna haja ya kuvua chochote wala kutaja chochote cha mwilini, na kifuko chako cha usufi kiache mahali pake, hicho chako. Wote pale ni wanawake. Waache wapige ala zao, waache wale washibe, na utakapoitwa kutoa ushahidi, toa. Kwa kuwa wewe ni mwimbaji na si mhadhiri, nimekutungia ubeti mmoja. Mimi si mtunzi, uurekebishe upendavyo:

Nilikwenda nikakatwa, nikarudi mwanakwetu,
Wangapi wameshaitwa, niko hapa kati yetu,
Na wewe ukishapatwa, nenda usifiche kitu.

Ukishamaliza nyamaza. Usieleze. Ataanza mmoja kunyanyuka. Huenda akawa Bi Mize, na akiwa ni yeye basi mambo yenu yameshakaa sawa. Nami nitakuwepo, bibi mnene wa buibui la zamani karibu na mlango, tikti yangu nimeshanunua, na kama wote watakuwa wamegandamana vitini nitainuka mimi, na magoti yangu haya. Mwisho wa shughuli muulize mweka hazina wenu, mbele ya watu, mapato yanakwenda wapi. Hatakuwa na la kusema ila hospitali. Na ukitazama vizuri, mwanangu, utaona nyuma kule mwanamke mmoja au wawili ambao hawapigi makofi wala hawatikisiki, wamekukazia macho tu. Hao ndio uliowaimbia. Usiwaite. Watakuja wenyewe mlangoni kwako na vifurushi vyao.

Tikti ya kwanza ya mwakani muwekee Wanu.

Na mkono wako wa kushoto usiushushe wala usiufiche. Uweke kifuani palepale ulipozoea. Wasichana wa chama wanauiga, na siku hiyo watajua wanaiga nini.